Miguu Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuunda Bendi ya Fest-Noz

Ukifika Bretagne, magharibi kabisa mwa Ufaransa, ulizia fest-noz ya Jumamosi. Utaelekezwa kwenye ukumbi wa kijiji. Mlangoni kuna meza ya mvinyo wa tufaha na krepu, zile ambazo kwetu ni chapati za maji. Ndani, watu mia mbili wameshikana vidole vidogo vya mikono na kuwa mnyororo mmoja unaozunguka ukumbi mzima: bibi wa miaka themanini kando ya kijana wa chuo, na mtoto kati yao. Wengi hawatazami jukwaa kabisa. Wanasikiliza kwa miguu.

Kwa Kibretoni, fest-noz ni sherehe ya usiku. Mwaka 2012 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na wakati huo zilikuwa zikifanyika karibu fest-noz elfu moja kila mwaka, nyingine za watu mia moja hivi, nyingine za maelfu. Zote zinahitaji wanamuziki. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwa mmoja wao: aunde bendi inayopiga ngoma za jadi za Wabretoni kwa watu wa leo, kwa gita la umeme na dramu akipenda, bila kuwakwaza waliozaliwa nazo.

Nianze na ninachokiamini, kwa sababu kila hatua itakayofuata imesimama juu yake. Usasa si tatizo. Tarehe 28 Februari 1972 Alan Stivell, mpiga kinubi wa Kibretoni, alipanda jukwaa la Olympia mjini Paris na kinubi, bombarde (aina ya zumari ya Wabretoni) na gita la umeme, na muziki wa Bretagne ukapata kizazi kipya. Bendi ya Ar Re Yaouank, kuanzia 1986, iliupiga kwa nguvu za vijana wa roki. Bendi ya Les Ramoneurs de Menhirs, tangu 2006, imeunganisha magita ya panki na bombarde. Wachezaji waliwapokea wote, kwa kuwa hatua ya ngoma ilibaki wazi. Kisichopokelewa ni muziki ambao mguu haujui utue wapi, hata kama mpigaji wake ni hodari kiasi gani.

Hatua ya 1: Cheza kwanza, vyombo baadaye

Hapa ndipo wanamuziki wengi wazuri hukosea, na mimi nilikosea. Nilijifunza mahadhi ishirini kwa gita kabla ya kuingia kwenye mduara hata mara moja. Nilizipiga noti zote sawasawa, na watu waliacha kucheza katikati ya wimbo. Nilipoingia mwenyewe kwenye mnyororo ndipo nilipoelewa: mkazo niliouweka kwenye pigo la pili ulikuwa unawavuta watu wakati mwili wao unataka kupumzika.

Tenga walau msimu mmoja. Nenda fest-noz, ingia kwenye mduara, shika mikono ya mtu anayejua. Karibu kila mji una klabu za ngoma ziitwazo cercle celtique, na nyingi hupokea wanaoanza. Anza na hizi.

An dro hutoka eneo la Vannes. Ni hatua tatu fupi kwenda kushoto, kisha hatua tatu za papo hapo, huku mikono ikichora duara hewani. Mtu hujifunza kwa dakika tano, na ndiyo maana huijaza sakafu upesi. Hanter-dro ni ndugu yake, ila huhesabiwa kwa tatu, na watu husogeleana wakashikana mikono kwa kubana. Mpiga dramu aliyezoea roki huiharibu hanter-dro bila kujua, kwa sababu mkono wake unataka nne.

Gavotte ina sura nyingi kadiri ya eneo. Ile ya milimani, katikati ya Bretagne, huchezwa kwa mapigo manane, na ndani yake kuna hatua ndogo za haraka zinazohitaji mahadhi yasikike wazi. Plinn na fisel nazo ni za katikati. Plinn ni nzito, ya kukanyaga. Fisel, ambayo mji wa Rostrenen huifanyia tamasha kila mwaka, ni ngoma ya kuruka na kuinua miguu, na inachosha kweli. Upande wa mashariki, kunakozungumzwa Kigallo badala ya Kibretoni, kuna rond de Saint-Vincent na rond de Loudéac. Halafu kuna za wawili wawili: scottish, mazurka, polka, valse.

Kuna jambo la kihistoria la kubeba miguuni. Zamani, nyumba mpya au uwanja wa kupuria nafaka ulipohitaji sakafu ngumu, majirani waliitwa wacheze juu ya udongo mpaka ushindiliwe. Ngoma hizi zilikuwa kazi. Uzito wake unaelekea chini, ardhini. Ukipiga plinn kwa mguso mwepesi unaoelea juu, umeondoa kile kilichoizaa.

Desturi hiyo ilikuwa imefifia sana baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Katikati ya miaka ya 1950, Loeiz Ropars wa Poullaouen aliirudisha kwa namna mpya: akawaweka waimbaji jukwaani mbele ya maikrofoni, ndani ya ukumbi, na milango ikawa wazi kwa wote. Kwa hiyo fest-noz tunayoijua tayari ni kitu cha kisasa. Ukisikia mtu analaumu vipaza sauti kwamba vimeharibu jadi, kumbuka kwamba bila maikrofoni ile pengine kusingekuwa na kitu cha kuharibu.

Hatua ya 2: Jifunze kan ha diskan, hata kama huimbi

Muziki huu ulikuwa mdomoni kabla haujawa kwenye chombo. Kan ha diskan ni uimbaji wa watu wawili bila ala yoyote, na wawili hao wanaweza kuchezesha mamia ya watu.

Sisi tuliokulia kwenye ngoma tunajua kiongozi na waitikiaji. Hapa kuna tofauti moja kubwa. Kiongozi, kaner, anaimba mstari. Anapofika silabi mbili tatu za mwisho, mwenzake, diskaner, anazidaka na kuziimba pamoja naye, kisha anarudia mstari wote peke yake. Anapokaribia mwisho, kaner naye anazidaka silabi zake za mwisho na kuingia mstari unaofuata. Sauti zinapandiana kama vigae vya paa. Hakuna pengo la pumzi mahali popote, kwa hiyo mchezaji haachwi hewani hata sekunde moja.

Bendi nzima ijifunze hivi, akiwemo mpiga besi. Mazoezi yetu ya miezi ya kwanza yalikuwa haya:

Chagueni mahadhi moja tu ya an dro. Mengi ni mafupi mno: sehemu mbili, kila moja ikirudiwa, na upana wa noti tano au sita. Yaimbeni bila maneno, wawili wawili, kwa kupokezana na kudakana.

Kisha yaimbeni huku mnacheza. Pumzi ikikuishia, umeimba kwa mwendo usio wako, au hatua zako bado ni kubwa mno.

Mwisho, mmoja aimbe, wengine wacheze, na hakuna kupiga makofi. Mwimbaji aweze kuwachezesha kwa mkazo wa silabi peke yake. Mkishindwa hapa, dramu haitawaokoa. Itaficha kosa tu.

Sikilizeni wakongwe. Dada watatu wa familia ya Goadec, kutoka Treffrin, waliimba kwa nguvu ambayo bado inanisimamisha nywele. Ndugu wa Morvan walikuwa wakulima waliochezesha watu kwa miongo mingi. Shirika la Dastum, lililoanzishwa mwaka 1972, limekusanya maelfu ya rekodi za vijijini, na sehemu kubwa inasikilizwa kwenye intaneti. Chukueni mahadhi huko, kwa sikio. Ukitumia karatasi ya noti, utapata noti. Ule mvuto mdogo kabla ya pigo, ambao ndio unaonyanyua mguu, haumo kwenye karatasi.

Utasikia pia kwamba waimbaji wazee hawafuati noti za piano. Noti ya tatu ya ngazi mara nyingi hukaa katikati, si ya furaha wala ya huzuni. Usiinyooshe. Tutairudia kwenye gita.

Hatua ya 3: Chagua vyombo kwa kuelewa bombarde

Bendi inaweza kuwa ya watu wawili. Jozi ya jadi ni bombarde na biniou kozh, na hadi leo jozi hizo huchezesha kumbi nzima.

Msomaji wa pwani ana bahati hapa. Bombarde ni ndugu wa zumari yetu: bomba la mbao lililopanuka mdomoni, lenye ulimi wa matete mawili, lenye sauti kali ya kutoboa ukuta. Aliyesikia zumari Lamu au Unguja hatahitaji maelezo. Tofauti iko kwenye pumzi. Mpiga zumari huzungusha pumzi mashavuni asikate sauti. Mpiga bombarde hukata. Midomo inachoka haraka, kwa hiyo anapiga sehemu moja, anapumzika, anaingia tena. Biniou kozh, zumari ndogo yenye mfuko wa hewa, hulia oktava moja juu yake na haikomi, kwa kuwa mfuko unaishikilia. Kwa hiyo wawili hao ni kan ha diskan kwa vyombo.

Ukilielewa hilo, umepata ramani ya kupanga bendi kubwa. Usimpe mpiga bombarde dakika saba mfululizo. Mpe mstari wa kuongoza, kisha fidla, filimbi ya mbao au akodiani idake mkia wa mstari na kuurudia. Bendi nyingi changa hupigisha kila chombo mahadhi yaleyale kwa wakati uleule, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni ukuta wa sauti usio na dirisha.

Mambo ya kiufundi yanayosumbua kila mtu:

Kii, yaani noti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake. Bombarde nyingi leo ni za B fleti, ingawa zipo za kii nyingine. Mpiga gita asihangaike: aweke kapo, kile kibanio cha waya, kwenye kizuizi cha kwanza apige maumbo ya A, au cha tatu apige maumbo ya G. Mpiga akodiani ya vitufe, ile ambayo noti hubadilika ukivuta na ukisukuma, lazima aulize mapema, maana chombo chake kina kii zake na haki zake. Amueni kii ya bendi kabla mtu hajanunua chochote.

Gita. Wapigaji wengi hapa, Soïg Siberil akiwa mmoja wa wanaojulikana zaidi, hutyuni D A D G A D kuanzia waya mnene. Sababu si urembo. Ukitandika waya hivyo, kodi zako (noti zinazolia pamoja) zinakosa noti ya tatu, haziamui kama wimbo ni wa furaha au wa huzuni, na ile noti ya katikati ya mwimbaji inapata mahali pa kukaa. Ukimwekea mwimbaji wa gavotte kodi za kawaida za gita la dansi, utamsikia anasukumwa kando na nafsi yake.

Clarinet. Usishangae kuikuta. Katikati ya Bretagne imepigwa kwa vizazi, na jina lake la Kibretoni, treujenn-gaol, ni shina la kabichi. Inachanganyika na sauti za watu kuliko bombarde, na kwenye ukumbi mdogo ningeichagua hiyo kwanza.

Dramu na besi. Mpiga dramu ajifunze kila ngoma kwa miguu kabla hajaruhusiwa kushika fimbo. Ngoma moja, mdundo mmoja unaofuata hatua zake, na asiufunike kwa mapambo. Ule mkazo wa roki kwenye pigo la pili na la nne unafaa baadhi ya an dro, lakini hukata gavotte vipande. Besi ikae chini, noti chache na ndefu kidogo, ishike ardhi.

Kompyuta na mashine za midundo. Zinakubalika, na vijana wa Rennes wanazipenda. Hakikisheni tu kwamba mashine inamfuata mtu. Mwendo wa waimbaji unapumua. Mashine isiyopumua inafanya ngoma ya dakika nane ionekane ya saa nzima. Suluhisho letu lilikuwa mpiga dramu kuiwasha kila kipande kwa mguu, badala ya kuiachia ijiendeshe.

Hatua ya 4: Jenga ngoma ya dakika saba

Mahadhi ni ya sekunde ishirini. Ngoma ni ya dakika saba. Hapo ndipo bendi inapojipambanua.

Anzeni na mtu mmoja. Waimbaji wa gavotte huanza na mwito, silabi zisizo na maana za kuwaita watu, na watu husikia ni ngoma gani kabla haijaanza. Fanyeni vivyo hivyo: fidla peke yake, au sauti peke yake, mizunguko miwili. Mduara unahitaji muda wa kujifunga. Tangazeni jina la ngoma kwa maikrofoni, kila mara, hata kama mnadhani inajulikana.

Mwendo uwekeni kwenye mstari wa kwanza na msiuguse tena. Bendi changa hujenga msisimko kwa kuongeza kasi, na mwishoni watu wanakimbia. Usiku mmoja, baada ya fisel tuliyoivuruga hivyo, bibi mmoja alinijia taratibu akaniambia kwamba miguu yake ilikuwa bado na nguvu, ila tulikuwa tumemnyima nafasi ya kuitumia. Tangu hapo tunapima. Tulichukua simu, tukapima mwendo wa wakongwe kwenye rekodi za kila ngoma, tukauandika kwenye daftari, na baada ya kila onyesho tunalinganisha na rekodi yetu.

Msisimko ujengeni kwa tabaka. Mzunguko wa tatu, gita. Wa tano, besi. Dramu ikichelewa mpaka wa saba, itakapoingia ukumbi mzima utainuka sentimita moja. Kisha toeni vitu: bakini na sauti mbili na nyayo za watu kwenye mbao. Kwangu, sekunde hizo thelathini za nyayo ndizo nzuri kuliko zote usiku mzima, na bendi inayoogopa kunyamaza haizipati. Mnaweza kubadili mahadhi katikati, au kupanda kii. Msichoweza ni kusimamisha mapigo. Mapumziko ya kishujaa ya roki, ambapo bendi yote inakata halafu inarudi kwa kishindo, humwacha mchezaji mguu mmoja hewani.

Peaneni ishara ya kumaliza, jicho au mguu ulioinuliwa, na malizeni mwisho wa sehemu ya pili, kwa uwazi.

Halafu kuna ngoma za mfuatano. Gavotte ya milimani, plinn na fisel huja kwa vipande vitatu: ngoma, kisha kipande cha katikati kilicho tulivu zaidi, kiitwacho bal au tamm kreiz, kisha ngoma tena. Kuna bendi zinazoruka kipande cha katikati kwa kuona kinapoza moto. Msifanye hivyo. Ni pale ambapo watu hupumua, huzungumza kidogo na jirani, hutembea wawili wawili. Na moto wa kipande cha tatu hutoka hapo hapo.

Hatua ya 5: Panga saa yako moja

Fest-noz moja huwa na bendi kadhaa, jozi za waimbaji na za wapiga bombarde, wakipokezana. Bendi mara nyingi hupewa vipindi viwili vya dakika 45 hadi saa moja. Huu ni mpangilio ambao umetufaa kwa kipindi cha kwanza:

An dro, dakika 7, ili kila aliyeingia apate mahali.
Hanter-dro, dakika 6.
Gavotte ya milimani, vipande vitatu, kama dakika 13.
Scottish, dakika 5, waliochoka wapumzike na wapenzi wapatane.
Rond de Saint-Vincent, dakika 6.
Plinn, vipande vitatu, dakika 12.
Ridée ya mapigo 6, dakika 7, kufunga kwa mduara ulio wazi kwa wote.

Kanuni iliyomo ni ndogo: baada ya ngoma ngumu, toa rahisi, usiweke mbili za kuruka zikifuatana, na usimalize na ngoma inayojulikana na watu ishirini tu. Ulizeni pia wengine wa usiku huo wanapiga nini. Kama jozi iliyotangulia imemaliza na plinn, yenu isogezeni. Kuanzisha ngoma ileile baada yao ni kuwakosea adabu, na miguu ya watu haitawashukuru.

Heshimuni na mahali. Mkialikwa karibu na Vannes, an dro yenu iwe safi kabisa, kwa sababu mmeipeleka nyumbani kwao. Karibu na Rostrenen, kama fisel yenu bado haijaiva, iacheni.

Hatua ya 6: Mitambo

Ukumbi wa kijiji una kuta tupu na mwangwi mwingi. Watu wamezunguka ukumbi mzima, si kusimama mbele tu, kwa hiyo spika mbili kubwa jukwaani zitawapasua masikio walio mbele na kuwaacha wa nyuma wakicheza na mwangwi. Mwangwi unachelewa, na mnyororo mrefu huanza kuvutana. Mwombeni fundi mitambo aongeze spika ndogo pembeni, katikati ya ukumbi.

Wakati wa kujaribu sauti, mtu mmoja wa bendi acheze an dro peke yake, azunguke kuta zote. Pale atakapopoteza pigo, pana tatizo.

Bombarde haihitaji maikrofoni karibu. Mara nyingi kwenye ukumbi mdogo haihitaji kabisa. Iwekeni mbali na maiki ya mwimbaji, la sivyo itaingia kwenye kila kitu. Sauti za watu na fidla ziwe juu kuliko besi. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2017 inataka wastani wa sauti usizidi desibeli 102 kwa kila dakika 15, lakini kipimo changu ni kingine: msipozisikia nyayo za watu mkiwa jukwaani, mmezidisha.

Hatua ya 7: Karatasi na pesa

Kwa ufupi, kwa walioko Ufaransa. Bendi nyingi hujisajili kama chama kisicho cha faida chini ya sheria ya 1901. Sherehe nyingi huandaliwa na vyama vya wazazi, timu za mpira, shule zinazofundisha Kibretoni, watu wa kujitolea wasio na ofisi. Wao wanaweza kuwalipa wasanii na kulipa michango yao kupitia GUSO, huduma ya serikali kwa waandaaji wasio wa kudumu. Omba karatasi zako kila mara, hata kwa malipo madogo: saa hizo zinahesabiwa kuelekea 507 katika miezi 12, kiwango kinachomfungulia msanii posho kati ya kazi na kazi.

Mahadhi ya jadi ni ya wote. Mliyotunga wenyewe, na mipangilio yenu, yasajilini SACEM, shirika la Ufaransa la haki za watunzi wa muziki. Na msidhani kila wimbo unaosikika wa kale ni wa kale; vipande vingi vipendwavyo kwenye fest-noz vimetungwa na watu walio hai. Ulizeni kabla ya kurekodi.

Hatua ya 8: Mara za kwanza, na wasiojua ngoma

Msianze kwa kuomba nafasi kwenye tamasha kubwa la Lorient, ambalo lipo tangu 1971, wala Yaouank ya Rennes kila Novemba. Fest-noz nyingi ndogo zina jukwaa la wazi katikati ya usiku. Pandeni na ngoma mbili, mkiwa mmezipika vizuri, mshuke, muingie kwenye mduara mcheze na wenzenu. Kuonekana mkicheza kutawapatia mialiko kuliko video yoyote.

Mtakapopelekwa mbele ya watu wasiojua kitu, Paris au Nantes au ng'ambo, ombeni viti viondolewe. Hili liwekeni kwenye mkataba. Kisha tengeni dakika kumi kabla ya muziki: mmoja wenu ashuke chini na kufundisha an dro kwa sauti tu, bila ala, akihesabu kwa mwili. Pandikizeni wachezaji wanne au watano wanaojua, wasambae kwenye mnyororo, kila mmoja abebe wageni wawili upande huu na wawili upande ule. Mkono unaoshikwa hufundisha haraka kuliko maikrofoni. Hapo pigeni taratibu kidogo kuliko kawaida, mahadhi moja tu, dakika kumi nzima ikibidi. Msiwe na wasiwasi wa kuwachosha. Dakika ya nne hivi watu huacha kutazama miguu yao na kuinua nyuso. Mpiga dramu asubiri mpaka aone hilo ndipo aingie.

Baada ya onyesho, kabla ya kukunja waya, mmoja wenu aende kwenye meza ya krepu, amtafute mchezaji mzee kuliko wote aliyekuwa sakafuni, amuulize ngoma ipi ilikuwa nzito kuicheza na kwa nini. Andikeni anachosema kwenye lile daftari la mwendo, kando ya jina la ngoma, na mazoezi yanayofuata yaanzie hapo.